Kilimani, kichangani au mbugani: malisho yapi yapandwe wapi Dodoma

Shemeji yangu alinipigia simu mwezi Oktoba akiwa amesimama ndani ya duka la pembejeo. Mkono mmoja kashika mfuko wa mbegu za nyasi ya bafeli, mwingine wa mbegu za nyasi ya Rhodes, simu kaibana kwa bega. "Shemeji, kati ya hizi mbili ipi nzuri? Mwenye duka anasema zote zinafanya vizuri Dodoma."

Nikamuuliza mvua ikinyesha, maji ya shambani kwake yanaelekea wapi. Akanyamaza, halafu akarudia swali lake kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mtandao unasumbua.

Mtandao haukuwa na shida. Ekari zake saba ziko Chamwino. Zinaanzia chini ya kilima cha mawe na kuishia kwenye mbuga nyeusi. Ukitembea kutoka juu hadi chini, hatua mia nne hivi, unakuwa umekanyaga udongo wa namna nne au tano, na hakuna mbegu ya malisho itakayoshukuru kupandwa kote huko. Nalijua hilo vizuri, maana na mimi niliwahi kununua mbegu moja nikaimwaga shamba zima. Tutafika huko.

Kwa hiyo ulinganisho huu sikuupanga kwa mbegu. Nimeupanga kwa mahali, tukiteremka pamoja na maji.

Mnyororo wa udongo

Aliyeliweka jambo hili vitabuni ni mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, enzi za Tanganyika. Mwaka 1935 alilipa jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo: udongo hubadilika kwa mpangilio uleule kutoka juu ya mwinuko hadi bondeni, kisha mwinuko wa pili unarudia, na wa tatu vilevile. Mgogo aliyekuwa akipanda uwele kwenye kichanga na mtama kwenye udongo mzito hakumsubiri Milne, lakini jina ni zuri na tutalitumia.

Juu kabisa, chini ya mawe ya granaiti, udongo ni mwembamba na wenye kokoto, jembe linalia kila ukipiga. Ukishuka kidogo unakutana na udongo mwekundu wenye kina, ule ambao mibuyu inaupenda, na watu wanajenga juu yake kwa sababu hautuamishi maji. Endelea kushuka, wekundu unafifia, unaingia kichanga cha kijivu kinachopitisha maji kama chujio, na rutuba yake si ya kujivunia. Halafu kuna ukanda ambao wengi hawauhesabu, ukingo wa mbuga: juu mchanga kidogo, chini tabaka gumu ambalo kiangazi sururu inaliruka. Mwisho ni mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unakuvua viatu.

Mvua ya Dodoma kwa wastani ni milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Hiyo ndiyo namba wanayokupa dukani. Lakini shamba lako haliinywi sawasawa. Mvua ya Dodoma ina tabia ya kuja kwa hasira, dakika arobaini za kishindo, na kwenye mteremko mtupu uliokauka maji hayo hayaingii, yanakimbia. Yakifika mbugani yanatuama. Kwa hiyo aliyepanda juu analalamika ukame na aliyepanda chini analalamika mafuriko, na mvua ni ileile iliyonyesha jana saa tisa.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya nchi za baridi vinalipa sura nzima: mteremko unaangalia kaskazini au kusini. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na msimu wa mvua jua linapita utosini au kusini kidogo tu. Mteremko unaoangalia magharibi unaungua zaidi alasiri, basi. Usipoteze usingizi hapo.

Bafeli na Rhodes, nyasi mbili zinazogombaniwa

Bafeli ni nyasi ya kwetu, Afrika, ingawa Waaustralia ndio walioitangaza. Shuke lake ni kama mkia wa paka aliyeshtuka. Inakaa kwa mafungu, na mizizi yake kwenye udongo wenye kina inaweza kupita mita 2 kwenda chini. Nyasi ya Rhodes inatambaa: inatoa vikonyo juu ya ardhi, kila kifundo kinatia mizizi, na ndani ya misimu miwili inaweza kufunika uwanja kama mkeka.

Kwa mvua, bafeli inaweza kuishi hata panaponyesha milimita 350. Rhodes inaanza kutulia kwenye 600 na kuendelea. Ukiangalia ile 570 yetu utaona Rhodes iko mpakani: mahali panapopokea maji ya ziada kutoka juu itakaa vizuri, mahali panapopoteza maji itahangaika. Hapo ndipo umbo la ardhi linapoamua kuliko jina lililoandikwa kwenye mfuko.

Mwaka juzi Februari tulipata kiangazi cha katikati ya masika, wiki tatu bila tone. Nilikuwa nimepanda vipande viwili jirani kwenye udongo mwekundu, bafeli kushoto, Rhodes kulia. Wiki ya pili Rhodes ilishaanza kuwa njano kuanzia ncha. Bafeli ilikunja majani yake kama sigara na kusubiri. Nikachimba pembeni ya kila moja kwa udadisi tu. Chini ya Rhodes udongo ulikuwa vumbi mpaka jembe lilipozama lote. Mizizi ya bafeli ilipita pale, nikachimba hadi kiuno, bado ilikuwa inashuka, na kule chini udongo ulikuwa unashikana ukiufinya. Mvua iliporudi Machi, bafeli ilifunguka ndani ya siku nne. Rhodes nayo ilirudi, lakini kwa kusuasua, na palikuwa na mapengo.

Sasa geuza picha. Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa na bidii kuliko akili, niliteremsha bafeli hadi ukingoni mwa mbuga. Mzee jirani yangu alipita na punda wake, akasimama.

"Mwanangu, hapo unapanda nini?"

"Nyasi za ng'ombe, babu."

"Hapo panalala vyura," akasema, akaendelea na safari yake.

Nilicheka. Januari ilipofika, vyura walikuwepo na bafeli haikuwepo. Miche ilikuwa na majani matatu, maji yakasimama siku kadhaa, ikaoza kwenye shina. Bafeli iliyokwisha komaa ingevumilia siku chache za maji, lakini michanga haina ubavu huo. Rhodes inastahimili maji yaliyotuama hadi wiki mbili hivi. Na ina sifa nyingine ambayo kanda ya kati haina budi kuithamini: inavumilia chumvi. Kama shamba lako liko Bahi, au kandokando ya maziwa ya chumvi ya Singida, au popote ambapo kiangazi udongo unatoa ukungu mweupe juu kama umemwagiwa unga, hakuna mjadala, chukua Rhodes. Ina namna ya kuitoa chumvi nje kupitia majani yake.

Bafeli nayo ina deni lake: inadai fosforasi. Kwenye kichanga kilichochoka inaota halafu inadumaa, majani membamba kama nyuzi. Dawa rahisi ni kuangalia mahali ambapo zamani palikuwa na zizi. Zizi lililohamishwa miaka mitano iliyopita ni hazina, mbolea yake bado imo ndani ya ardhi. Pandia hapo kipande chako cha mbegu. Na vichuguu usivisawazishe vyote na trekta. Mchwa wamepandisha mfinyanzi na chokaa kutoka chini, na kichangani nyasi zinazozunguka kichuguu hubaki kijani wakati zingine zimeshakuwa karatasi.

Kama lengo lako ni kuuza hei, yaani majani yaliyokaushwa, hesabu inabadilika kidogo. Rhodes ina mabua membamba, inakauka haraka na inafungika vizuri kwenye boksi la kufungia marobota. Mteja anaipenda kwa macho hata kabla ng'ombe hajaionja. Bafeli ukiikata mapema, mashuke yanapoanza kutoka, ni hei nzuri pia. Ukichelewa mpaka mbegu zikauke unafunga vijiti. Mimi nauza Rhodes ya ukingoni na kulisha bafeli ya juu. Naona kila ardhi imelipa kwa namna yake.

Neno moja kuhusu mbegu zenyewe, kwa sababu watu wengi wanalaumu duka wakati kosa ni lao, ingawa mara nyingine kosa ni la duka. Mbegu ya bafeli iliyovunwa juzi imelala. Ikae miezi sita au zaidi ndipo iote vizuri. Zote mbili ni nyepesi kama pamba, upepo wa Dodoma utazipeleka kwa jirani, hivyo changanya na mchanga mkavu au samadi iliyosagika kabla ya kurusha. Na usizifukie. Sentimita 1 inatosha. Buruta tawi la mgunga juu yake, umemaliza. Niliwahi kuona shamba la ekari mbili limepandwa kwa jembe la ng'ombe kama mahindi, mbegu ziko kina cha kiganja. Hadi leo ziko hukohuko.

Juu kwenye mteremko, kwanza maji ndipo mbegu

Kilimani na kwenye udongo mwembamba mbegu pekee haitoshi, hata iwe bafeli. Mvua ya kwanza inazichukua zote na kuzikusanya kwenye korongo, unaona mstari wa kijani mahali usipopataka. Lazima uyasimamishe maji.

Dodoma haina uhaba wa mbinu. Kuna mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma: vishimo vya kipenyo kama cha ndoo ndogo, vikifuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, udongo uliochimbwa ukifanywa tuta dogo kuzunguka shimo. Yalianza kwa mtama na uwele, lakini bafeli ndani yake inakaa vizuri. Ukipita Pembamoto, Kongwa, utaona mashimo ya nusu mwezi yaliyochimbwa kwenye ardhi iliyokuwa ngumu na tupu. Kila moja linakinga maji, na nyasi zinaanzia ndani ya shimo hilo na kutoka nje. Njia ya tatu ni ya kivivu kidogo, na ndiyo yangu: panga miba na mabua kwa mstari kukatiza mteremko, rusha mbegu upande wa juu wa mstari. Mchanga na samadi vinavyoshuka vinanasa hapo.

Tena usilime mteremko wote kwa mara moja. Wanaotaka kuona matokeo ya kuuchezea mteremko waende Kondoa. Mmomonyoko ulifikia kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulifikia kuondoa mifugo yote mwaka 1979 kwenye eneo lililoharibika. Ng'ombe waliruhusiwa kurudi baadaye, lakini bandani, wakikatiwa majani. Uamuzi ule uliwauma watu, na wako wazee ambao hadi leo hawajausamehe. Vilima vilirudi kijani, hilo halina ubishi.

Kwa mteremko, basi, bafeli inashinda Rhodes. Mafungu yake yanashika udongo na mizizi inakwenda kutafuta kilichozama.

Mbuga: kila mtu anaitamani, wachache wanaiweza

Mbuga inadanganya. Ina rutuba, inashika unyevu hadi Juni, na ukiiangalia Machi unaona utajiri. Tatizo ni kuingia. Ikiwa kavu ni tofali, ikilowa ni gundi, na siku ambazo jembe linaingia vizuri katikati ya hali hizo mbili unaweza kuzihesabu kwa vidole. Anayesubiri mvua inogee amechelewa, atalitazama shamba lake kutoka barabarani hadi Aprili.

Udongo wa kanda hii una historia ya kuwaaibisha wenye haraka. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta yao kulima karanga kwa ajili ya mafuta. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaogeuka kama saruji ukikauka, karanga zikanasa chini, majembe yakakatika, mvua nayo ikakataa kufuata ratiba. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, mamilioni ya pauni yamepotea. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya ng'ombe, na nyasi zinaota.

Kwa mbuga nalinganisha vitu vitatu. Rhodes tumeiona: inavumilia maji, lakini kuianzisha katikati ya mbuga ni shida kwa sababu mbegu ndogo inatumbukia kwenye nyufa, au ngozi ya juu inakauka kabla haijashika. Ukingoni sawa, katikati sipendi. Mtama ni chaguo la pili, na kwa wengi ni la kwanza: mbegu kubwa, inasukuma udongo mzito, unakata mabua na kuyasindika saileji, malisho mabichi yaliyochachushwa, au kuyakausha. Chaguo la tatu halijulikani sana, nalo ni klitoria, mkunde unaotambaa wenye ua la bluu. Mikunde mingi inakufa mbugani kwa kukosa hewa kwenye mizizi. Huu unaupenda mfinyanzi mzito na unastahimili mafuriko ya muda mfupi. Ng'ombe wanaufuata kama pipi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: ukiwaachia wanaumaliza hadi kwenye kisiki. Kata ulete, usiwaingize. Mbegu zake zina ganda gumu, nyingine zitakaa ardhini mwaka mzima kabla ya kuota, na maganda yakikauka yanapasuka na kurusha mbegu, kwa hiyo vuna mapema.

Kuhusu bafeli mbugani nimeshasimulia. Vyura.

Fiwi, stailo na tamaa ya mikunde

Nyasi peke yake haitoi maziwa, hasa kuanzia Julai inapokuwa imeshapoteza protini. Mkunde unaziba pengo hilo kabla hujaenda kununua mashudu ya alizeti.

Fiwi, wengine mnaita ngwara, inataka udongo usiotuamisha maji, na kwenye ule wekundu wenye kina ni mfalme. Mzizi wake unashuka, kwa hiyo mvua zikikatika Aprili inabaki kijani wiki nyingi wakati mahindi jirani yameshakuwa kahawia. Kilo 6 hadi 8 kwa ekari zinatosha. Inafunika ardhi haraka na kupunguza nguvu ya matone ya mvua, jambo zuri kwenye mteremko wa wastani. Ng'ombe wengine wanaikataa siku za mwanzo. Wape kidogo kidogo ikiwa imenyauka, na usiwape wakiwa na njaa kali, watavimba tumbo.

Kwenye kichanga kilichochoka fiwi inanung'unika. Hapo nampa nafasi stailo, mkunde mdogo wenye ua la njano, si wa kutisha kwa macho, lakini unaishi kwenye udongo maskini wa fosforasi ambako bafeli yenyewe inadumaa. Ukubali tu kwamba mwaka wa kwanza hutavuna kitu cha kusimulia. Wasio na subira wapande kunde za kawaida, wale majani na mbegu pamoja na mifugo yao.

Watu wananiuliza desmodiamu, mkunde mwingine wa malisho. Ni ya kwenye unyevu, waachie wa Lushoto.

Miti: mzizi wake ni siri ya kiangazi

Lusina inatoa majani Septemba wakati hata mbuzi amekata tamaa. Inataka udongo wenye kina, usiotuama, usio na tindikali kali, yaani udongo mwekundu ule ule, na kwa sababu hiyo inagombania nafasi na fiwi. Mimi naipanda kwenye mistari ya kontua kati ya vipande, mti unashika udongo na sipotezi eneo. Mwaka wa kwanza inakua kwa uvivu, na mbuzi wa jirani wakiingia usiku mmoja umerudi mwanzo. Isizidi theluthi ya chakula cha siku, ina sumu inayoitwa mimosini. Dodoma tuna punda wengi, na punda akiizoea lusina, manyoya ya shingo na mkia yananyonyoka. Niliwahi kuona mmoja, kabaki na mkia kama wa panya. Mwenye punda alikuwa anasema amerogwa.

Gliricidia, mti mwingine wa malisho, inakubali udongo wenye tindikali zaidi kuliko lusina, na unaipanda kwa vijiti. Harufu yake inawakera ng'ombe mpaka inyaushwe jua siku moja. Mbugani usipeleke yoyote kati ya hiyo miwili.

Mabingobingo, yale majani ya tembo, nayataja kwa sababu kila mtu anayataka baada ya kutembelea ndugu Arusha au Mbeya. Yanahitaji mvua ya milimita 1,000 au maji ya kudumu. Dodoma yanakaa kando ya kisima, chini ya karo la kuogea, pembeni mwa lambo. Pale yanafanya ajabu. Kwingine ni kupoteza vipandikizi.

Hatari moja inayojificha kwenye umbo la shamba

Mtama wa malisho ukiwa mchanga, au ukichipua upya baada ya kukatwa, au ukipigwa na ukame, unakuwa na sumu ya sianidi inayoweza kumuangusha ng'ombe ndani ya saa moja. Hilo wengi wanalijua. Wasiloliangalia ni kwamba shamba halinyauki kwa pamoja. Lile bega lenye mawe, udongo wa sentimita 30 tu, linanyauka kwanza wakati kwingine kote panapendeza. Ukisimama getini unaona shamba la kijani, unawafungulia, na ng'ombe wenye njaa wanakwenda moja kwa moja kwenye kile kipande kifupi cha juu kwa sababu kina majani laini.

Nilipoteza mtamba kwa namna hiyo. Siku hizi kipande cha mawe hakioni mtama kabisa, kina bafeli. Mtama uko chini kwenye udongo mzito, hauguswi mpaka upite kiuno, na ule ulionyauka unakatwa na kukaushwa kabisa kabla ya kuliwa.

Namna ya kulisoma shamba bila maabara

Ukiweza kupeleka sampuli ya udongo maabara, peleka. TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, ina kituo Mpwapwa, na watu wake wameifanyia kazi mikoa yetu hii miaka mingi. Lakini kuna vitu vya kufanya asubuhi moja na jembe.

Chimba shimo la kina cha goti kila mahali rangi ya udongo inapobadilika. Jaza maji jioni. Asubuhi, shimo kavu ni mahali pa bafeli, fiwi na lusina. Shimo ambalo bado lina maji ni la Rhodes, klitoria na mtama. Kama maji yamebaki na ni machafu kama chai ya maziwa, hayatui, huo ni udongo wenye magadi, na hapo hata Rhodes utaipandia matumaini zaidi kuliko uhakika. Weka samadi nyingi.

Tazama na miti iliyopo. Mibuyu inasema kina na hewa. Migunga mifupi yenye vinundu vinavyokaa sisimizi inasema mfinyanzi mzito chini.

Kipimo bora kuliko vyote ni mvua yenyewe. Mvua kubwa ya kwanza ikianza, wengine wanakimbilia ndani. Wewe toka, chukua gunia la kujifunika, fuata maji kutoka mpaka wa juu hadi wa chini, choma kijiti kila yanaposimama na kila yanapokata njia.

Shemeji alininunia pale dukani, lakini hakununua mbegu siku ile. Tarehe za mwanzo za Desemba, jioni, simu ikaita. Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga bati.

"Shemeji, nimelowa."

"Pole. Umeona nini?"

"Maji hayateremki kama nilivyodhani. Yanaingia kutoka kwa jirani wa juu, yanakatiza ekari yangu ya tatu, pale pale nilipotaka bafeli. Halafu yanasimama kidogo, yanageukia kwa mama mkwe."

Bafeli yake ikahamia ekari mbili za juu, kwenye mashimo, pamoja na lusina pembezoni. Ekari ya tatu ikapata kinga maji na Rhodes. Mtama ukabaki chini mbugani ulikokuwa siku zote. Na mama mkwe, ambaye hakuomba ushauri wa mtu, ametuma ujumbe anataka mbegu za lile ua la bluu.